Chanjo ya HPV ipi uchague? Mwongozo kamili kwa mabinti, mama zao na shangazi zao

Mabinti wengi wakishasikia kuwa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ipo, swali lao la kwanza ni: nichomwe ya aina mbili, ya aina nne au ya aina tisa (yaani inayokinga dhidi ya aina ngapi za virusi vya HPV)? Wengine wameambiwa na rafiki kwamba ile ya bure ya shuleni ni "ya maskini", na kwamba ya kweli ni ile ya kliniki za kulipia. Matokeo yake wanasubiri. Mmoja anasubiri mshahara, mwingine anasubiri ndugu atume hela kutoka Ulaya, na miaka inakatika.

Mimi hupanga hivi: kwanza umri wako, pili hali ya kinga ya mwili wako, tatu kilichopo kwenye friji ya kituo unachoweza kukifikia mwezi huu. Jina la chanjo ni la nne. Yapo mazingira ambayo jina lina uzito, nami nitayataja, lakini ni machache kuliko watu wanavyodhani.

Unajikinga na nini hasa

HPV ni ukoo mkubwa wa virusi wenye aina zaidi ya 200. Vile vya sehemu za siri huenezwa kwa kujamiiana na kwa mgusano wa ngozi na ngozi, na karibu kila mtu anayefanya ngono huvipata wakati fulani maishani. Kuambukizwa si dalili ya umalaya, na aliyeolewa na mume mmoja tu anaweza kuwa navyo. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Tatizo ni pale vinapogoma kutoka. Vikikaa, hubadilisha chembe za mlango wa kizazi polepole, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 hadi saratani kujitokeza. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetibiwa, safari hiyo inaweza kuwa ya miaka 5 hadi 10.

Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeongoza ugunduzi wake mwanzoni mwa miaka ya 1980, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina za 31, 33, 45, 52 na 58 huchangia karibu asilimia 20 nyingine. Aina za 6 na 11 hazileti saratani. Huleta masundosundo, vile vinyama vinavyoota sehemu za siri, na husababisha karibu asilimia 90 ya masundosundo yote.

Ukishazielewa namba hizo, umeshaelewa tofauti ya chanjo zote.

Chanjo zenyewe

Cervarix ya kampuni ya GSK ni ya aina mbili: 16 na 18. Iliidhinishwa Ulaya mwaka 2007. Iliondolewa kwenye soko la Marekani mwaka 2016 kwa sababu za kibiashara, si za usalama, kwa hiyo usishtuke ukiambiwa "haipo tena".

Gardasil ya kampuni ya Merck ni ya aina nne: 6, 11, 16 na 18. Ndiyo ya kwanza kabisa kuidhinishwa duniani, Juni 2006, na ndiyo Tanzania na Kenya walianza nayo katika mipango yao ya taifa.

Gardasil 9 ni mdogo wake, iliyoidhinishwa Desemba 2014. Inaongeza 31, 33, 45, 52 na 58 juu ya zile nne. Hii ndiyo utakayoikuta mara nyingi kwenye hospitali kubwa za kulipia.

Kisha kuna za Wachina, ambazo wengi hawajazisikia. Cecolin ya Innovax ni ya aina mbili na ilipata kibali cha ubora cha Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2021. Walrinvax, nayo ya aina mbili, ikafuata mwaka 2024. Bei yake nafuu na wingi wake umezisaidia nchi nyingi kuacha kuhangaika na uhaba uliokuwepo miaka ya nyuma. Neno "ya Kichina" lisikutishe. Kibali cha WHO hutolewa baada ya kukagua kiwanda na majaribio yake, na kiwanda cha Ulaya hupita mlango huohuo.

Zote zinafanya kazi kwa njia moja. Ndani yake kuna ganda la nje la kirusi, lililotengenezwa maabara, bila vinasaba vyovyote. Ni kama dafu lililokwisha kunywewa. Mwili unaliona ganda, unatengeneza kinga, na kirusi halisi kikija kinakuta mlango umefungwa. Hakuna kirusi hai, kwa hiyo chanjo haiwezi kukupa HPV wala saratani.

Hatua ya kwanza: anza na umri, na uuchukulie kwa uzito

Hapa ndipo ningependa usome taratibu.

Uingereza walianza mwaka 2008 kwa kutumia Cervarix, ile "ndogo" ya aina mbili. Watafiti walipowafuatilia mabinti hao hadi ukubwani na kuchapisha matokeo mwaka 2021, waliona kuwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 hadi 13 walikuwa na saratani ya mlango wa kizazi pungufu kwa asilimia 87. Waliochanjwa wakiwa na miaka 14 hadi 16, asilimia 62. Waliochanjwa wakiwa na miaka 16 hadi 18, asilimia 34. Chanjo ilikuwa ileile na nchi ileile. Kilichotofautiana ni umri.

Sweden walitumia Gardasil ya aina nne. Matokeo yao ya mwaka 2020 yanafanana ajabu: waliochanjwa kabla ya miaka 17 walipata upungufu wa asilimia 88, na waliochanjwa kati ya miaka 17 na 30 wakapata asilimia 53. Nako Scotland, ripoti ya mwaka 2024 haikukuta hata mgonjwa mmoja wa saratani iliyopenya (iliyokwisha kuingia ndani ya nyama) miongoni mwa waliokamilisha Cervarix baada ya kuianza wakiwa na miaka 12 au 13.

Sasa weka 87 na 88 pembeni ya 87 na 34. Kutoka aina mbili kwenda aina nne, namba haikusogea kwa maana yoyote. Kuchelewa miaka mitano kumeila zaidi ya nusu. Sababu yake ni nyepesi: chanjo inazuia maambukizi mapya, haiondoi yaliyokwisha kuingia. Kadiri binti anavyochanjwa mapema, kabla hajaanza kujamiiana, ndivyo inavyomkuta akiwa safi.

Kwa hiyo, mzazi mwenye binti wa miaka 9 hadi 14, uamuzi wako ni mfupi: mpeleke akachanjwe ile ya bure iliyopo zahanati au shuleni. Usimzuie eti unamtafutia ya aina tisa mwakani.

Na wewe wa miaka 18, 22 au 25 usikate tamaa kwa kuiona ile 34. Hizo ni takwimu za kundi zima, wakiwemo waliokuwa wameshaambukizwa. Utafiti unaokuhusu wewe moja kwa moja ulifanyika Kenya, katika vituo vya Thika, Nairobi na Kisumu. Unaitwa KEN SHE, na ulihusisha mabinti 2,275 wa miaka 15 hadi 20 ambao tayari walikuwa wameanza kujamiiana. Baadhi walichomwa dozi moja tu ya chanjo ya aina mbili, wengine dozi moja ya aina tisa, na wengine chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwa kulinganisha. Baada ya miezi 18, miongoni mwa ambao hawakuwa na aina ya 16 wala 18 mwanzoni, kinga dhidi ya maambukizi sugu ya aina hizo mbili ilikuwa asilimia 97.5 kwa aina mbili. Na kwa aina tisa? Asilimia 97.5 vilevile.

Huhitaji kupimwa HPV kwanza ili uchanjwe, wala huhitaji kuwa bikira. Muuguzi akikuuliza swali hilo kwa ukali, mjibu kwa upole kwamba halimo kwenye masharti. Ni nadra sana mtu kuwa ameshaambukizwa aina zote zilizomo kwenye chanjo, kwa hiyo karibu kila mmoja ana cha kupata.

Hatua ya pili: jua kama ulishachanjwa

Wengi hawakumbuki. Tumia mwaka wako wa kuzaliwa kama kipimo. Tanzania ilianza mpango wa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya 2004 kwa kawaida alipitwa. Wa Kilimanjaro waulize zaidi, kwani mkoa huo ulitangulia kwa mradi wa majaribio. Kenya ilianza Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya 2009 hawakuguswa. Uganda ilianza mwaka 2015. Rwanda iliwatangulia wote: 2011, nchi ya kwanza Afrika kuifanya kuwa chanjo ya taifa.

Kama ulipata dozi moja shuleni miaka hiyo na ya pili hukuipata (ulihama, ulifunga shule, corona iliingia), usihesabu kwamba umepoteza. Tutalifikia.

Hatua ya tatu: hesabu ya dozi

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa na kuanza kudhani kuna mtu anawadanganya. Kampeni ya serikali inasema sindano moja inatosha. Kliniki ya kulipia inasema tatu. Karatasi ndani ya boksi nayo inasema tatu kwa mwenye miaka 15 na zaidi.

Hakuna anayedanganya. Karatasi ya kwenye boksi inafuata majaribio ya awali ya kampuni, yaliyofanywa kwa dozi tatu. Baadaye ushahidi mwingine ukaja: KEN SHE ya Kenya, na utafiti mwingine uitwao DoRIS wa Mwanza, ambapo wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa wapate dozi moja, mbili au tatu za Cervarix au Gardasil 9, na dozi moja ikaonyesha kinga ya kutosha. Ushahidi huo wa Thika, Kisumu na Mwanza umesaidia kubadilisha sera za dunia, na tunausema kidogo mno. Desemba 2022 WHO ilitoa mwongozo mpya, Australia na Uingereza zikahamia dozi moja mwaka 2023, Tanzania Aprili 2024, na Kenya mwaka 2025.

Mwongozo wa WHO unasema hivi. Miaka 9 hadi 20: dozi moja au mbili. Miaka 21 na kuendelea: dozi mbili, zikipishana angalau miezi 6. Mwenye VVU au kinga dhaifu kwa sababu nyingine, umri wowote: tatu, na zikikosekana basi zisipungue mbili.

Ushauri wangu kwa binti wa miaka 15 hadi 20 anayejilipia: choma moja sasa. Ukipata uwezo, ongeza ya pili baada ya miezi 6. Kwa wa miaka 21 na zaidi, panga bajeti ya dozi mbili kabla hujaanza. Daktari akishikilia tatu kwa kufuata karatasi ya boksi, hakuna ubaya wa kiafya, ni mfuko wako tu. Lakini una haki ya kumuuliza kuhusu mwongozo wa WHO.

Hatua ya nne: mambo yanayobadilisha uchaguzi

VVU. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kupata saratani hii mara sita zaidi ya asiye navyo. Kwake chanjo ni ya lazima kuliko kwa mwingine, na dozi ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja au miwili, ya tatu mwezi wa sita. Ni salama ukiwa unatumia ARV. Mweleze mhudumu hali yako faraghani, maana usiposema utapewa dozi moja kama wengine. Na kwa kuwa wenye VVU mara nyingi hubeba aina nyingi za HPV kwa pamoja, hapa ndipo ya aina tisa inaponivutia zaidi, kama ipo na kama hela ipo. Ikikosekana, chukua iliyopo.

Ujauzito. Subiri ujifungue. Kama ulichomwa bila kujua kwamba una mimba, usiogope wala usifanye lolote kwa mimba hiyo. Ahirisha tu dozi inayofuata. Anayenyonyesha anaruhusiwa.

Mzio. Gardasil na Gardasil 9 hutengenezwa kwa kutumia hamira, ileile jamii ya hamira ya mikate. Mwenye mzio mkali wa hamira, ule wa kuvimba koo na kukosa pumzi, asichomwe hizo. Cecolin hutengenezwa kwa njia nyingine isiyotumia hamira, na Cervarix kadhalika. Kuumwa tumbo ukila maandazi si mzio wa namna hii.

Masundosundo. Kama unataka kinga dhidi yake pia, chanjo za aina mbili hazitakusaidia. Tafuta ya nne au ya tisa. Masundosundo hayaui, lakini aliyewahi kuyachoma hospitalini na yakarudi anajua aibu na gharama yake. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo sababu ya haki zaidi ya mtu mwenye uwezo kuchagua Gardasil badala ya ya aina mbili.

Hatua ya tano: je, ya aina tisa inastahili hela ya ziada?

Kwenye karatasi, ndiyo: kutoka asilimia 70 hadi karibu 90 ya visababishi vya saratani. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini kuna mambo mawili ya kuyaweka mezani. La kwanza, Cervarix imeonyesha kukinga kwa kiasi fulani hata dhidi ya 31, 33 na 45 ingawa hazimo ndani yake, na ndiyo maana matokeo ya Uingereza yalizidi ile 70. La pili, aina ya 35, inayoonekana zaidi katika saratani za wanawake wa Afrika kuliko kwingineko, haimo hata kwenye ya tisa. Hakuna chanjo inayokufunika kabisa.

WHO yenyewe inasema chanjo zote zilizopata kibali zinalingana katika kuzuia saratani ya mlango wa kizazi inayoletwa na 16 na 18, ambazo ndizo mzigo mkubwa.

Basi mimi naamua hivi. Uko chini ya miaka 15: ya bure, leo. Una miaka 15 au zaidi, hela ipo bila kukopa: Gardasil 9, kwa raha zako. Hela ni ya kubana na kliniki ina ya aina mbili kwa bei nafuu: chukua ya aina mbili na ukamilishe. Una hela ya dozi moja tu ya Gardasil 9 na una miaka 24: piga hesabu ya jumla kwanza, kwa sababu dozi mbili za ya bei nafuu zinakufaa kuliko moja ya ghali ikaishia hapo. Ulishapata mbili za Gardasil ya aina nne shuleni: huhitaji kurudia na ya tisa. Anayekushawishi urudie anauza.

Walioko ughaibuni wana hesabu nyingine. Uingereza, binti aliyekosa chanjo shuleni anaweza kuidai bure hadi siku ya kutimiza miaka 25. Marekani inayotolewa ni Gardasil 9 pekee, bei yake bila bima inapita dola 250 kwa dozi, lakini watoto hadi miaka 18 wasio na bima hupata kupitia mpango wa serikali wa chanjo za watoto. Kabla hujatuma hela nyumbani ili mdogo wako achomwe "ya Ulaya", mwambie apite zahanati akaulize.

Hatua ya sita: piga simu kabla ya kupanda boda

Mazungumzo yenyewe yawe mafupi na yenye maswali yanayojibika. Yanaweza kwenda hivi:

"Habari za asubuhi, dada. Samahani, mna chanjo ya HPV?"

"Tunayo, karibu."

"Asante. Ni ipi, Gardasil ya kawaida, Gardasil 9 au Cecolin?"

"Mmh, ngoja nimuulize nesi... Ni Gardasil 9."

"Nina miaka 22. Mnanipangia dozi ngapi, na bei ya kila dozi ni ngapi pamoja na ada ya kumwona daktari?"

"Dozi mbili au tatu, utaongea na daktari."

"Sawa. Na hiyo dozi ya pili baada ya miezi sita mnakuwa nayo, au naagiza?"

Swali la mwisho ndilo la thamani. Vituo vingi vya kulipia huagiza vichupa vichache kwa wakati. Uliza pia kama bima yako inalipia. Mara nyingi hailipii, lakini wapo waajiri wanaolipia na wafanyakazi hawajui. Na kama una umri wa mpango wa taifa, anza na zahanati ya serikali kabla ya simu hii yote.

Hatua ya saba: siku ya sindano

Kula kabla ya kwenda. Vaa blauzi ya mikono mifupi au inayokunjika hadi begani, maana sindano inaingia kwenye msuli wa juu ya mkono.

Omba kuona boksi au kichupa. Muuguzi mzuri hatakasirika. Soma jina, soma tarehe ya kuisha muda. Vichupa vingi vya mpango wa serikali vina kibandiko kidogo chenye duara, na ndani ya duara kuna mraba. Mraba ukiwa na rangi hafifu kuliko duara, chanjo haijaunguzwa na joto. Mraba ukiwa na rangi sawa na duara, au ukiwa umekolea zaidi, hiyo haifai. Chanjo hizi hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 na hazitakiwi kuganda, kwa hiyo ukiona imetolewa kwenye kile chumba cha barafu cha friji, kataa kwa heshima na uombe nyingine. Kabla ya kuvutwa kwenye bomba kichupa hutikiswa. Gardasil iliyotikiswa huwa na weupe wa ukungu, usidhani imechacha. Dozi ni nusu mililita.

Ukishachomwa, kaa kituoni dakika 15. Sababu kubwa ni kuzimia, ambako huwapata vijana kwa woga wa sindano kuliko kwa chanjo, na anayeanguka sakafuni huumia kichwa. Mzio mkali upo ila ni nadra mno, takriban watu 1.7 kwa kila dozi milioni moja. Siku hiyo na inayofuata mkono utauma, unaweza kuvimba kidogo, kichwa kuuma au homa ndogo kuja. Panadol inatosha.

Kisha usiondoke bila kadi. Iandikwe jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe, na tarehe ya kurudi. Piga picha ya kadi papo hapo na ujitumie mwenyewe WhatsApp.

Ratiba ikivurugika

Umechelewa dozi ya pili kwa mwaka mzima, au mitatu? Endelea ulipoishia, usianze upya. Hakuna muda wa juu unaoifuta dozi ya kwanza. Kilicho na mpaka ni kuwahi: dozi mbili zipishane miezi 6, usiiwahishe tarehe ili umalize haraka.

Ulianza na Gardasil na sasa kituo kina Cecolin tu? Inapendekezwa kumaliza na ileile, lakini ikikosekana, au kama hujui ulichomwa ipi, inayopatikana inakubalika. Binti aliyechomwa moja shuleni akiwa na miaka 14, sasa ana 19 na hana VVU, ameshakidhi kiwango cha WHO. Akitaka kuongeza ya pili, aongeze kwa hiari.

Kuhusu ugumba

Litakufikia kwenye kundi la WhatsApp la familia, kwa hiyo liwe na jibu. Chanjo ya HPV haina homoni na haigusi mayai wala mji wa mimba. Imeshatolewa kwa mamia ya mamilioni ya dozi tangu 2006, na mabinti waliochanjwa Australia na Uingereza miaka hiyo ni mama wa watoto leo. Kinachoondoa uzazi ni saratani yenyewe: matibabu yake mara nyingi ni kukatwa kizazi au kupigwa mionzi ya nyonga. Ukienda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, saratani hii ni miongoni mwa zinazojaza vitanda zaidi. Tanzania ina zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 wake kwa mwaka, na Kenya hupoteza zaidi ya wanawake 3,000. Shangazi akisema "hawa wanataka tusizae", muulize kwa adabu ni nani anayemjua aliyeugua saratani ya kizazi. Mara nyingi atakuwepo.

Chanjo haifuti uchunguzi

Hata ukichomwa ya aina tisa dozi tatu, bado kuna aina ambazo hazimo. Anza kuchunguzwa ukifika miaka 30, au 25 kama una VVU. Kipimo bora ni cha vinasaba vya HPV, ambacho katika vituo vingine unaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. WHO inapendekeza kirudiwe kila miaka 5 hadi 10, au miaka 3 hadi 5 kwa mwenye VVU. Pasipo na kipimo hicho kuna kile cha siki, ambacho muuguzi hupaka mlango wa kizazi na kusubiri kama dakika moja aone iwapo kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Ikionekana mapema, mara nyingi hutibiwa kwa kugandishwa au kuunguzwa kwa joto siku hiyohiyo, na unarudi nyumbani jioni.

Ukitoka damu baada ya tendo la ndoa, au kati ya hedhi, au ukiwa na uchafu wenye harufu usioisha, usisubiri miaka 30 wala usiende kutafuta chanjo. Hiyo ni ya kumwona daktari wiki hii.